Tofali Dogo, Ukuta Mdogo: Historia Fupi ya Kuta za Pango la Noeli



Juma hili tulipita nyuma ya ukumbi wa parokia tukawakuta vijana wetu wameketi kivulini, mikono imejaa udongo. Walikuwa wanafyatua matofali. Kila tofali lilikuwa na urefu wa sentimita 2, upana wa sentimita 1 na kimo cha nusu sentimita, nayo yamepangwa juu ya ubao mstari kwa mstari, kama yanavyoanikwa uwanjani na wafyatuaji wakubwa. Mwaka huu vijana wameazimia kwamba pango la Noeli liwe na ukuta wa kweli, badala ya zile karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjwakunjwa na kupakwa rangi ambazo tumezizoea. Tukawasifu. Kisha, kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda, tukawaonya wayafunike. Ndipo kijana mmoja akatuuliza pasipo kuinua macho: "Padre, haya yakilowa, nani atatulipa?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, na sababu yake tutaieleza mwishoni mwa tafakari hii.

Swali lile lilitusumbua usiku kucha, likatufanya tutafute habari za watu waliowahi kujenga kuta ndogo kabla ya vijana wetu. Tumeona kwamba ni kazi ya kale sana, na ya kwamba Biblia yenyewe inaifahamu.

Tofali la nabii

Katika Maandiko Matakatifu, aliyeagizwa kutengeneza mfano mdogo wa mji uliozingirwa ni nabii Ezekieli. Alikuwa kuhani, akachukuliwa uhamishoni Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, akakaa na wahamishwa wenzake karibu na mto Kebari. Huko Bwana alimwamuru atwae tofali na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu. Kisha alipaswa kuuzungushia mji huo vitu vyote vya vita: ngome, boma la udongo, makambi na magogo ya kubomolea. Kati yake na mji alipaswa kusimamisha bamba la chuma liwe mfano wa ukuta (Eze 4:1-3).

Kwa nini tofali? Nchi ya Babeli ilikuwa na uhaba wa mawe na miti ya kujengea, hivyo karibu kila kitu kilijengwa kwa udongo. Mfalme Nebukadneza alikuwa akiyapiga matofali yake muhuri wenye jina lake, na mengi ya matofali hayo yamechimbuliwa na wanaakiolojia. Udongo huohuo ndio uliokuwa daftari la Wababeli. Kipo kibao cha udongo kutoka Nippur chenye ramani ya mji huo pamoja na kuta na malango yake, nacho kilichorwa mamia ya miaka kabla ya Ezekieli. Nabii, basi, alitumia kitu ambacho kila mhamishwa alikifahamu. Yamkini baadhi yao walikuwa wakikikanyaga kwa miguu yao kila siku.

Hata hivyo hawakuamini. Walikuwa wakitumaini kurudi nyumbani upesi, kama manabii wa uongo walivyowaahidi (taz. Yer 28). Mtu mzima aliyelala ubavu mbele ya tofali, akiangalia vita vya kuchezea, alionekana kwao kama mtoto. Mwaka 587 kabla ya Kristo Yerusalemu ukaanguka, na jeshi la Wakaldayo likazibomoa kuta zake pande zote (2 Fal 25:10). Ukuta mdogo ulikuwa umesema kweli miaka kadhaa kabla ya ukuta mkubwa kuanguka.

Wafyatuaji waliozikwa na tajiri

Kuna mifano mingine ya kale zaidi ya hiyo. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, imehifadhiwa sanamu ya mbao iliyotoka katika kaburi moja huko Beni Hasan, Misri, yenye umri wa karibu miaka 4,000. Inawaonyesha watu wadogo wakifyatua matofali. Wamisri wenye mali walizikwa na mifano ya namna hii, wakiamini kwamba kazi iliyoonyeshwa itaendelea kufanyika kwa faida yao katika maisha ya baadaye. Tutafakari jambo hilo kidogo. Tajiri amekufa, naye bado anataka afyatuliwe matofali. Mfyatuaji hana hata jina, na kifo cha bwana wake hakimpi mapumziko.

Malkia Hatshepsut, aliyetawala Misri katika karne ya 15 kabla ya Kristo, alipojenga hekalu lake huko Deir el-Bahari, mafundi walizika katika misingi mifano ya zana za ujenzi, na miongoni mwake kalibu za kufyatulia matofali. Miongo michache baadaye, katika kaburi la waziri Rekhmire, wachoraji walichora ukutani watu wanaochota maji, wanaokoroga udongo na wanaofyatua, na baadhi yao ni mateka wageni. Anayeitazama picha hiyo atakumbuka mara moja sura ya 5 ya kitabu cha Kutoka: Waisraeli wananyimwa majani makavu ya kuchanganya na udongo, nayo ndiyo yanayosaidia tofali lisipasuke likikauka, lakini hesabu ya matofali ya kila siku haipunguzwi hata moja. Wanyapara wao wanapigwa. Hesabu ilikuwa sahihi kwenye vitabu vya Farao, na dhuluma ilikuwa ndani ya hesabu hiyohiyo.

Kutoka Greccio hadi Napoli

Pango la Noeli tunalolifahamu lina chimbuko lake katika kijiji cha Greccio, Italia, ambako Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliadhimisha Noeli ya mwaka 1223. Hapakuwa na kuta ndogo wala sanamu. Palikuwa na hori, majani makavu, ng'ombe na punda walio hai, na watu wa kijiji wenye mienge. Mahali hapohapo, tarehe 1 Desemba 2019, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi barua yake ya kitume juu ya maana ya pango, akituhimiza tusiiache desturi hii majumbani, kazini na mashuleni.

Karne kadhaa zilipita kabla kuta hazijawa sehemu kubwa ya pango. Ilikuwa katika mji wa Napoli, karne ya 18, wakati wa mfalme Carlo wa ukoo wa Bourbon aliyetawala huko kuanzia 1734 hadi 1759, ndipo sanaa hii ilipofikia kilele. Padre Gregorio Maria Rocco, Mdominikani aliyewahubiria maskini wa mji huo, alihimiza kila nyumba iwe na pango lake. Mafundi walijenga vilima, maduka, vilabu na mahekalu yaliyobomoka kwa gome la ule mti unaotoa vizibo vya chupa. Gome hilo ni jepesi, hukatika kwa kisu, na uso wake wenye vishimo hufanana na ukuta uliokula chumvi.

Kwa nini mahekalu yaliyobomoka? Sababu moja ni ya wakati huo. Uchimbaji wa mji wa Herculaneum ulianza mwaka 1738 na wa Pompeii mwaka 1748, na watu wa Napoli walikuwa wakiona kuta za kale zikitoka ardhini. Sababu nyingine ni ya imani. Tangu karne ya 15 wachoraji wengi walimweka Mtoto Yesu katikati ya kuta zilizovunjika, kuonyesha kwamba ulimwengu wa kale unapita na kwamba Mungu anakiinua kibanda cha Daudi kilichoanguka (Amo 9:11). Pango mashuhuri la Cuciniello, lililofunguliwa mwaka 1879 katika makumbusho ya San Martino mjini Napoli, linaonyesha vizuri desturi hiyo hadi leo.

Waashi wa Kraków

Lakini habari iliyotugusa kuliko zote inatoka Kraków, Poland. Huko mapango ya Noeli, yaitwayo szopka, hayafanani na zizi wala kilima. Ni majengo marefu yenye minara, yanayoiga majengo ya mji wenyewe, hasa kanisa la Mama Maria lililojengwa kwa matofali mekundu na lenye minara miwili isiyolingana urefu. Mengine yana kimo cha sentimita chache tu, na mengine yanapita mita 2.

Waliyaanzisha akina nani? Waashi. Katika karne ya 19, wafanyakazi wa ujenzi kutoka vitongoji vya Kraków kama Krowodrza na Zwierzyniec hawakuwa na kazi wakati wa baridi. Maji yaliyomo katika chokaa huganda kabla chokaa haijashika, na ukuta uliojengwa hivyo hubomoka majira ya joto yakirudi. Kazi ikisimama, na ujira husimama. Basi waashi hao walikaa nyumbani na kujenga kwa mbao nyembamba, maboksi na karatasi zinazong'aa, kisha wakazibeba szopka zao nyumba kwa nyumba wakiimba nyimbo za Noeli ili wapate chochote cha kuwalisha watoto. Aliye maarufu zaidi kati yao ni Michał Ezenekier wa Krowodrza, mwashi na fundi wa vigae, ambaye szopka yake ya mwishoni mwa karne hiyo imehifadhiwa katika makumbusho mjini humo.

Mwaka 1937 mji wa Kraków ulianzisha shindano la szopka. Vita ya Pili ya Dunia ililikatiza, likafufuliwa mwaka 1945 mara baada ya vita kwisha. Mwaka 2018 UNESCO iliiandika desturi hii katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Ndugu zangu, tuone maana yake. Wale waliojenga minara mikubwa kwa mikono yao ndio waliokuja kuijenga tena midogo, katika miezi ambayo mji haukuwahitaji. Mji ulilipenda tofali dogo, ukalipa tuzo na kulitia katika makumbusho. Je, ulimjali vivyo hivyo mwashi aliyekaa bila ujira tangu Desemba hadi Machi? Katika mji huohuo, wakati wa vita, kijana aitwaye Karol Wojtyła alifanya kazi katika machimbo ya mawe na baadaye katika kiwanda cha kemikali. Alipokuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, aliliandikia Kanisa waraka mzima juu ya kazi ya binadamu, *Laborem exercens*, akifundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya. Aliyeandika hayo alikuwa amekwisha kubeba mawe.

Jinsi ukuta mdogo unavyojengwa

Turudi sasa kwa vijana wetu, maana tuliketi nao siku ya pili tukajifunza. Jambo la kwanza ni kipimo. Wamechagua kipimo cha 1 kwa 12. Mtu wa sentimita 168 anakuwa sanamu ya sentimita 14, na tofali la kuchoma lenye urefu wa sentimita 24, upana wa 12 na kimo cha 6 linakuwa kama tulivyoeleza pale mwanzo. Nafasi ya udongo wa kuungia, ambayo kwenye ukuta halisi ni kama sentimita 1, hapa inakuwa chini ya milimita 1. Mwenye kukosea hapo atapata ukuta ambao macho yanaukataa hata pasipo kujua sababu.

Udongo hupepetwa, hukandwa, halafu husukumwa kama chapati katikati ya vijiti viwili vyenye unene wa nusu sentimita, ili unene uwe sawa kila mahali. Kisha hukatwa kwa kisu na rula. Udongo wa mfinyanzi husinyaa ukikauka. Ukisinyaa sehemu moja katika kumi, tofali linalotakiwa kuwa na milimita 20 hukatwa kwa milimita 22 na kidogo zaidi. Hukaushwa kivulini, kwa maana jua kali hulipinda. Wako wanaotumia plasta ya jasi kwenye kalibu, na hiyo hukauka kwa dakika chache. Vijana wetu wamechagua udongo kwa kuwa haununuliwi.

Ukuta wao una urefu wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 30. Tulifanya hesabu pamoja: yanahitajika matofali karibu 1,500. Kila kozi hupangwa ili viungo vyake visikutane na viungo vya kozi iliyo chini. Pale ukuta unapobomoka, hubomoka kwa ngazi, ukifuata viungo, wala haukatiki wima kama mkate. Rangi nayo ina siri yake. Anayepaka matofali yote wekundu mmoja hajawahi kusimama mbele ya tanuri. Yaliyokaa karibu na moto hutoka meusimeusi, ya katikati hutoka mekundu, na ya pembeni hubaki na weupe kama biskuti.

Njia ya mkato ipo: kuchora mistari kwenye boksi na kupaka rangi, na kwa mbali wengi hawatatambua tofauti. Tuliwauliza vijana kwa nini wasifanye hivyo. Mmoja alijibu kwamba baada ya tofali la mia mbili mgongo ulianza kumuuma, na hapo ndipo alipofikiri jinsi baba yake anavyofyatua mia nane kwa siku. Hatukuwa na la kuongeza.

Yerusalemu mdogo wa pili

Ezekieli alitengeneza Yerusalemu mdogo kabla ya mji kuanguka. Upo Yerusalemu mdogo mwingine uliojengwa karne nyingi baadaye. Mwenye hoteli mmoja wa Yerusalemu, Hans Kroch, alifiwa na mwanawe Yaakov katika vita vya mwaka 1948. Kwa kumbukumbu yake aliagiza mfano wa mji jinsi ulivyokuwa mwaka 66 baada ya Kristo, miaka minne kabla Warumi hawajauteketeza pamoja na Hekalu. Profesa Michael Avi-Yonah aliusimamia, ukafunguliwa mwaka 1966 kwa kipimo cha 1 kwa 50. Wakati ule mji wa kale ulikuwa upande wa pili wa mpaka, na Wayahudi hawakuweza kuufikia. Tangu mwaka 2006 mfano huo uko katika Makumbusho ya Israeli.

Mkristo anayesimama juu ya kuta zile ndogo anauona mji kama Bwana wetu alivyouona kutoka mlimani, akaulilia (Lk 19:41-44). Aliuona wote kwa mtazamo mmoja, kuta zake na wana wake ndani yake. Baba aliyempoteza mwanawe aliujenga mji mzima ili jina la mtoto mmoja lisisahaulike.

Swali la kijana

Sasa tuseme lile tuliloahidi. Miaka kadhaa iliyopita tulijenga uzio wa kigango kimoja cha parokia yetu. Tulipatana na kundi la wafyatuaji kwamba tutalipa kwa kila tofali lililochomwa. Walichota maji bondeni, wakakanyaga udongo, wakafyatua maelfu ya matofali na kuyaanika. Kabla ya tanuri kupangwa, mvua isiyo ya msimu ikanyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi tuliyoifika pale hapakuwa na tofali, palikuwa na tope. Tulisimama na karatasi ya mapatano mkononi: hakuna lililochomwa, kwa hiyo hakuna malipo. Tuliwapa pole, tukaagiza matofali kwingine. Hesabu zetu zilikuwa safi, nasi tuliadhimisha Misa siku iliyofuata bila wasiwasi wowote. Baba wa kijana yule alikuwa mmoja wa wafyatuaji hao.

Torati inaagiza ujira wa kibarua maskini usilalie kwa bwana wake (Kum 24:14-15), na Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele (Yak 5:4). Hatukuusikia ukipiga kelele miaka yote hiyo. Tuliusikia juzi, ukiwa umefichwa ndani ya utani wa mtoto.

Tulimwendea mzee yule nyumbani kwake, tukamwomba msamaha. Alitukaribisha kiti, akatuuliza kama uzio ule bado umesimama vizuri. Tukamjibu kwamba umesimama. Akafurahi kwa dhati, ingawa hakuna hata tofali lake moja ndani yake. Tumeliweka jambo hili mbele ya Halmashauri ya Walei, nayo imekubali kwamba siku za kazi za watu wale zihesabiwe na kulipwa kabla ya Noeli. Imekubali pia kwamba katika ujenzi wowote wa parokia kuanzia sasa, mapatano yataje mvua: nani atanunua turubai, na nani atabeba hasara.

Tunawaomba nanyi, kila mmoja nyumbani kwake, mtazame kuta zinazowazunguka na kukumbuka ni nani aliyezifyatua na kuzijenga, na kama yupo aliyeondoka bila haki yake. Mkija kusali mbele ya pango mwaka huu, msogee karibu na ukuta. Upande wa kulia, chini, vijana wameacha matofali matatu yaliyolowa na kupoteza umbo. Walituuliza kama wayaondoe. Tumewaambia wayaache.